Wimbo mmoja, programu tatu: shajara ya kutafuta DAW ya studio ya chumba kimoja

Aprili 20, 2024. Kuanza

Laptopu yangu ilizima katikati ya Ramadhani na haikuwaka tena. Ilizima na Fruity, programu yangu ya muziki, ya kreki (iliyovunjwa ulinzi ili isilipiwe) niliyokuwa nayo tangu 2013, na plagini (programu ndogo za nyongeza) ambazo hata sikumbuki nilizitoa flashi ya nani. Laptopu niliyopata baada ya Idi ni ya mkono wa pili: i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD ya GB 256, betri imekufa, yaani bila waya wa umeme haina uhai. Nimeamua kwamba hii haitaingia kreki hata moja. Kwa hiyo lazima nichague DAW, yaani programu ya kurekodi na kutengeneza muziki, ya kulipia, na kabla ya kulipa nataka kujua nalipia nini.

Studio ni chumba kimoja hapa Tanga. Saundi kadi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) ya maiki mbili, maiki moja ya kondensa, hedifoni mbili, magodoro mawili ukutani. Kazi zangu ni za aina mbili zisizofanana: biti za vijana, na vikundi vya ngoma na harusi vinavyotaka kurekodiwa kama vinavyopiga. Kila ulinganisho niliousoma unahusu kazi ya kwanza tu. Ya pili hakuna anayeigusa, nayo ndiyo inayonilipa.

Watakaoshindana ni watatu. FL Studio ni ile iliyozaliwa FruityLoops mwaka 1997, na ndiyo maana huku bado tunaiita Fruity. Reaper inatoka kwa Cockos, kampuni ya yule aliyetuletea Winamp. Ableton Live ni ya Berlin, sokoni tangu 2001. Logic ni ya Mac tu, kwa hiyo haimo. Pro Tools inauzwa zaidi kwa kulipia kila mwezi au kila mwaka, na mimi kipato changu hakiji kila mwezi. Cakewalk ni ya bure, lakini wenyewe walitangaza mwaka jana kwamba wanaibadilisha, sitaki kuhama tena baada ya mwaka. LMMS nayo ni ya bure na hairekodi sauti, basi.

Kipimo: wimbo mmoja uleule, malighafi ileile, upitie programu zote tatu hadi utoke. Nitapima kwa saa ya ukutani, na nitaandika kila kilichoharibika.

Reaper nimeipakua leo. Faili la kusakinisha lina kama MB 15, dogo kuliko video moja ya WhatsApp. Majaribio ni siku 60 bila kufungwa chochote. FL pia imeingia leo. Live inahesabiwa kwa GB, itasubiri bando.

Aprili 27. "Naimba kisimani"

Mwimbaji amekuja kuweka sauti ya mfano. Nilianza na FL kwa kuwa mikono inaijua. Baada ya mistari miwili akavua hedifoni: "Kaka, mbona najisikia kama naimba kisimani? Nikisema neno, linarudi baadaye."

Nikahamia Reaper, sauti ikarudi papo hapo. Nikaandika kwenye daftari: Reaper nyepesi, FL nzito. Nimefuta mstari huo usiku, na naueleza kwa sababu nadhani nusu ya mabishano ya vijiweni yanatokana na kosa hili.

FL niliiacha na draiva (programu inayounganisha kompyuta na saundi kadi) iliyokuja nayo, bafa (kiasi cha sauti kinachokusanywa kabla ya kupitishwa) 1024. Reaper niliiwekea draiva ya saundi kadi yenyewe, bafa 128. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, sampuli 1024 ni milisekunde 21 za kuingia na nyingine kama hizo za kutoka, bado hujahesabu ucheleweshaji wa kadi. Sampuli 128 ni chini ya milisekunde 3. Sikulinganisha programu, nililinganisha draiva. FL nilipoipa draiva ileile na bafa ileile, mwimbaji hakuweza kuzitofautisha, nami sikuweza.

Kwa anayefuata shajara hii: kabla ya kusema programu fulani nzito, hakikisha zote zinatumia draiva moja, bafa moja na kiwango kimoja cha sampuli. Na kama saundi kadi yako ina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kibonyeze. Sauti inamfikia mwimbaji bila kupitia kompyuta kabisa.

Kosa la pili la siku hiyohiyo: FL ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi mradi, lakini haikuruhusu kuufungua tena mpaka ulipie. Hili limeandikwa waziwazi na nilikuwa nalijua. Nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kula. Kazi ya saa mbili imebaki kwenye faili ninaloliona na siwezi kuligusa. Dawa ni kutoa kila treki kama wav (faili la sauti la kawaida) kabla ya kufunga, kila mara, hata kama unatoka dakika tano.

Gharama mpaka leo: bando 10,000, nauli ya mwimbaji mara mbili 6,000.

Mei 4. Umeme

Wiki ya kimbunga Hidaya. Kimbunga chenyewe kilielekea kusini, huku tukabaki na upepo, mvua na wasiwasi. Umeme ulikatika mwimbaji akiwa ubeti wa tatu, na kwa betri yangu iliyokufa laptopu ilizima palepale, kama mtu aliyepigwa kofi.

Uliporudi, faili la sauti lilikuwapo kwenye folda, MB 31, lakini lilikataa kufunguka popote. Si kosa la programu yoyote. Faili la wav lina kichwa mwanzoni kinachosema ndani kuna nini na kwa urefu gani, na taarifa ya urefu hukamilishwa ukisimamisha kurekodi. Mimi sikusimamisha, nilisimamishwa. Sauti ipo, kichwa ndicho kinachodanganya.

Nililiokoa hivi. Audacity, ambayo ni ya bure, ina njia ya kuingiza data ghafi: unaiambia yenyewe ni biti ngapi (hapa ni ukubwa wa kila sampuli, si biti ya muziki), chaneli ngapi, na ianzie baiti ya ngapi. Nikaweka biti 24, chaneli moja, kuanzia 0. Ikatoka mvua tupu, shhhh mwanzo hadi mwisho. Nikadhani imekufa kweli. Ilinichukua saa nzima kuelewa: kila sampuli ya biti 24 ni baiti tatu, na ukianza katikati ya sampuli, kila namba inasomwa imepinda. Nikajaribu kuanzia 1, mvua. Kuanzia 2, mwimbaji huyo hapo! Majaribio ni matatu tu, 0, 1 na 2, moja lazima likubali.

Lakini alikuwa na sauti nzito, kama kaka yake. Niliiambia Audacity 44,100 wakati kadi ilirekodi kwa 48,000, kwa hiyo sauti ilipungua mwendo na kushuka karibu nusu toni moja na nusu. Nikarekebisha namba, akarudi kuwa yeye.

Tangu leo mradi wote ni 48,000, biti 24, nimeandika kwa wino kwenye karatasi juu ya meza. Betri mpya ya laptopu: 85,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote mpaka sasa, na ndiyo ambayo hakuna ulinganisho wa DAW unaoitaja.

Mei 11. Ngoma

Siku niliyokuwa naingoja. Chakacha ya kikundi cha harusi: msondo, chapuo na vumi, uani kwao, bila kliki (mlio wa kompyuta unaohesabu mapigo) masikioni. Nilikodi kadi ya maiki nne kwa 30,000, nikaweka maiki moja kwa kila ngoma na moja katikati. Posho ya wapigaji watatu 60,000, na soda.

Kuhusu kliki: nilijaribu dakika kumi za mwanzo. Mzee wa msondo alivaa hedifoni, akapiga mizunguko minne, akazivua na kunirudishia kwa adabu. "Mwanangu, huyu anayegonga humu ndani hasikilizi wenzake." Sikumbishia.

Matokeo ni dakika tano za ngoma inayoanza mapigo 108 kwa dakika na kumaliza kwenye 117. Haikukosewa. Chakacha ndivyo inavyopanda, wachezaji wakipamba moto nayo inapamba. Ila kazi yangu sasa ni kuweka besi, kibodi na biti juu ya kitu kinachotembea, na hapo ndipo programu zinapoachana.

Mei 12–19. Intaneti ya kobe

Nimeanza kupakua Live Jumapili ya tarehe 12, siku ileile nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika. Kama ulikuwa Afrika Mashariki unakumbuka. Upakuaji ulikufa mara tatu, kila mara ukaanza upya, ukala mabando mawili, 20,000. Usiku wa tarehe 19 ndipo ukakamilika. Siku 30 za majaribio zinaanza kuhesabiwa hapo.

Wiki hiyo sikukaa bure, niliipa FL ngoma.

Jaribio la kwanza ni la aibu. Gridi ya FL (mistari ya kugawa muda) inakufungulia vijumba 16, vinne kwa kila pigo. Chakacha inahesabu vitatu kwa pigo. Kwa ujinga wa mazoea nikakata ngoma vipande na kuvisogeza vikae kwenye gridi. Nikamtumia mzee kipande kwa simu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Hii imevaa viatu."

Jaribio la pili, nikapunguza vijumba vya patani (mzunguko mmoja wa biti) vikawa 12. Patani ikawa sawa, lakini mistari ya ukurasa wa kupangia wimbo bado ilihesabu 16, kwa hiyo mzunguko wa pili ulianza katikati ya hewa. Dawa niliyoipata: weka mradi mzima 3/4, ambayo ina vijumba 12 kamili, na mwendo uandike 84. Ndiyo, 84, ingawa masikio yanasikia 112. Programu inadhani vijumba vinne ndiyo pigo, wewe unahesabu vitatu, kwa hiyo namba yake ni robo tatu ya yako. Ukishalijua hilo, biti ya chakacha kwenye FL inakuwa raha.

Kufuata ngoma inayopanda ni habari nyingine. Nilichora mstari wa mwendo kwa mkono, nikisikiliza na kusogeza. Saa tatu, nikafika dakika ya pili ya wimbo, nikaacha. Huenda kuna fundi wa FL anayeifanya kwa nusu saa. Mimi nina miaka kumi na moja nayo na sikuweza.

Mei 25. Reaper na Live kwenye ngoma ileile

Reaper ina amri moja iliyonifanya nisimame kitini: unachagua kipande cha muda kutoka pigo la kwanza la mzunguko hadi pigo la kwanza la mzunguko mwingine, unaiambia itengeneze kipimo hapo, nayo inakokotoa mwendo. Unakwenda hivyo wimbo mzima, gridi inajipinda kufuata ngoma badala ya ngoma kupindwa kufuata gridi.

Mara ya kwanza ikaniharibia kila kitu. Nilipoweka alama ya kumi, ngoma zilikuwa zimevutika kama ubani wa kutafuna. Kwa kawaida Reaper inafunga vipande vya sauti kwenye mapigo, si kwenye muda; ukibadilisha mwendo, sauti inanyooshwa kuufuata. Kwa kazi ya studio ya biti hiyo ni sawa. Kwa kazi hii ni sumu. Kabla ya alama ya kwanza, ingia mipangilio ya mradi na ubadilishe msingi wa vipande uwe "Time". Nilirudi mwanzo.

Dakika tano hizi zina mizunguko kama 140. Kuweka alama kila mzunguko kulinichukua saa moja na dakika 50, na matokeo yalikuwa mabaya, besi ilitetemeka kwa sababu nilifuata hata pumzi za mzee. Kuweka alama kila baada ya mizunguko minne, alama 35, kulichukua dakika 40 na kulikaa vizuri zaidi. Ngoma inatakiwa ivute gridi kidogo na gridi ibaki na utulivu wake.

Live ilinishangaza kwa ubaya kwanza. Niliburuta mafaili manne ya ngoma ndani, nikasikia msondo umekuwa wa bati, kama unapigwa ndani ya pipa. Ina tabia ya kuyanyoosha mafaili marefu yenyewe yakiingia, kwa kukisia mwendo. Kila maiki ilikisiwa peke yake, na maiki nne za ngoma moja zikitofautiana hata milisekunde chache, uzito wa chini unafutana. Zima tabia hiyo kwenye mipangilio kabla ya kuingiza chochote. Nilipoteza jioni nzima nikishuku maiki za kukodi.

Kisha ikanishangaza kwa uzuri. Nilitoa mchanganyiko mmoja wa ngoma zote, nikaupa alama za Warp (alama za Live za kushikia mapigo) kila mizunguko minne, nikauzima sauti, nikauambia uongoze: kuna kitufe kinachofanya mwendo wa mradi wote ufuate kipande hicho. Mafaili manne halisi yakabaki bila kunyooshwa, na gridi ikatembea nayo. Dakika 25. Hakuna iliyofanya hivi kwa urahisi kama Live.

Juni 1. Sauti na noti ya tatu

Sauti kuu, sauti ya kurudia, na waitikiaji wanne. Kurekodi mara nyingi na kuchagua vipande bora: Reaper 7 na Live zote zinapanga marudio kwenye vichochoro chini ya treki moja na unapaka kile unachokitaka. FL inakuachia vipande kwenye ukurasa, unavikata mwenyewe. Inawezekana, ila ni ya kufua kwa mkono.

Kosa la leo ni langu na linauma. Mwimbaji amelelewa na taarabu, na huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, sikio lake halikutoka hewani. Kwenye kiitikio anaimba noti ya tatu isiyo kubwa wala ndogo, inakaa katikati, kama kwenye rasti, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya noti) ya Kiarabu. Mimi kwa haraka nikaiwasha ReaTune, kifaa cha Reaper cha kurekebisha noti, irekebishe yenyewe kwenye skeli kubwa. Ikashika kila noti ya tatu na kuipandisha ikae "sawa". Nilimsikilizisha. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Huyu nani anaimba?"

Niliiondoa. Nikatumia njia ya kuchora kwa mkono kwenye noti mbili tu zilizoteleza kweli, zile nyingine nikaziacha alipoziweka. Lakini ikazuka shida nyingine: kodiani ya kibodi ilikuwa inapiga noti ya tatu kubwa juu yake, na ndiyo iliyomfanya yeye aonekane amekosea. Nimeitoa noti hiyo kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) za kiitikio, kodiani inapiga ya kwanza na ya tano tu. Pengo lililobaki ni la mwimbaji. Dakika mbili za kazi, baada ya saa mbili za kurekebisha mtu asiye na kosa.

Live niliyonayo haina kifaa chake cha kurekebisha sauti. Kwa somo la leo sikuona kama hasara.

Juni 8. Saa yangu ilikuwa na upendeleo

Nimesoma daftari na nimeona tatizo. Kuwasha mpaka kurekodi neno la kwanza: FL dakika 4, Reaper 14, Live 11. Bila shaka! FL nina miaka kumi na moja, hizi nyingine nina wiki. Nimepima mazoea.

Nimerudia baada ya kutengeneza kiolezo kwenye kila moja, treki zimeshapewa majina na maiki zimeshapangwa: FL 3, Reaper 2 na nusu, Live 3. Tofauti imekufa.

Kwa biti sikujiamini tena, nikamwita dogo wa jirani, miaka 16, hajawahi kugusa programu yoyote ya muziki. Nikampa kila moja kwa siku yake, maelezo ya dakika kumi, na kazi moja: biti ya mizunguko minane yenye besi. FL alimaliza kwa dakika 20 na akaongeza makofi ambayo hakuombwa. Live dakika 35. Reaper alihangaika saa nzima akaniambia, "Bro, hii ni ya watu wa kompyuta." Reaper haiji na sauti zake wala vijumba vya kubonyeza, unakuta ukurasa mtupu. Na FL hiyohiyo, nilipompa arekodi sauti yake, alipotea kwenye mikisa (ukurasa wa kuchanganyia sauti).

Juni 22. Stemu

Siku 30 za Live zimeisha tarehe 18, siku moja baada ya Idi ya kuchinja, miksi (kuchanganya sauti zote) ikiwa nusu. Harusi za msimu zilikula wiki mbili. Live imetoka kwenye mashindano kwa kalenda, na kwa bei yake ningeitoa hata hivyo.

Miksi ya mwisho inafanywa na fundi wa Dar. Nikamtumia stemu (kila ala au sauti kwenye faili lake) 14 kutoka FL. Zikarudi na ujumbe mfupi: hazilingani na zimeshabanwa.

Hazilingani kwa sababu sauti za waitikiaji nilizitoa kivyake, zikaanzia pale wanapoanza kuimba, si mwanzo wa wimbo. Zimeshabanwa kwa sababu nilisahau limita (kifaa kinachobana sauti isizidi) kwenye treki kuu. Makosa yote mawili ni ya mikono yangu. Sheria: kila stemu ianze sekunde ya sifuri hata kama ina dakika mbili za ukimya, na treki kuu iwe uchi.

Kuna la tatu linalohusu bando. Mikisa ya FL ni ya stirio (chaneli mbili), kila treki inatoka stirio hata kama ni maiki moja. Dakika tano za stirio kwa 48,000 na biti 24 ni MB 86, mara 14 ni GB 1.2. Reaper ina chaguo la kutoa treki za mono (chaneli moja) kama mono. Ngoma nne na sauti sita zikawa mono, nne zilizobaki stirio, jumla MB 778. Nikazibana kwa FLAC (muundo wa kupunguza ukubwa wa faili), zikapungua zaidi bila kupoteza kitu. Kwa anayelipia bando kwa GB, hiki ni kigezo halali kabisa cha kuchagulia programu.

Julai 6. Malipo

Nimelipia Reaper, dola 60, ile leseni ya mtu binafsi na biashara ndogo, karibu shilingi 160,000. Nilitumia kadi ya mtandaoni niliyoifungua kwenye simu. Ilikataa mara ya kwanza kwa sababu niliweka kiasi kamili na makato hayakuwa na pa kutoka. Weka zaidi kidogo.

Majaribio yangu ya siku 60 yaliisha Juni 19. Reaper haijifungi, inakukumbusha tu kila ukiiwasha. Wengi wanaishi hivyo miaka. Mimi nimeishi hivyo siku 17, na kila nikiwasha dogo akiwa pembeni nilikuwa nafunga ule ukumbusho kabla hajausoma.

FL itanunuliwa baadaye, ya kiwango kinachorekodi sauti, hasa kwa sababu ukiinunua mara moja matoleo yajayo ni bure. Kwa sasa biti zinatengenezwa kwenye FL ya majaribio, zinatolewa wav kabla ya kufunga, zinaingia Reaper. Kama biti ni ya chakacha: 84 huku, 112 kule, na karatasi ya juu ya meza imeongezwa mstari.

Jumla ya mradi: bando 38,000 ukijumlisha kutuma stemu, nauli 6,000, betri 85,000, kadi ya kukodi 30,000, posho na soda 66,000, leseni 160,000. Ni 385,000, na programu ni chini ya nusu yake.

Wimbo umerudi kutoka Dar jana. Nimempelekea mzee wa msondo kwenye flashi, akausikiliza kwenye redio ya bajaji ya mjukuu wake, mlango wazi, watoto wamejaa. Akasema vumi iko chini. Nimeirudia kuisikiliza kwa hedifoni, na vumi iko chini. Stemu yake naituma tena kesho.